KUNYWA DUNGUSI, UMWONE ALIYEKUROGA!

Mwenye mikosi, aliyeachwa na mpenzi, ambaye duka lake limekufa ghafla: wote utawakuta kwenye basi moja linalopanda milima ya Andes kwenda Huancabamba, kaskazini mwa Peru. Huko ndiko kwenye waganga wenye jina.

Shughuli ni ya usiku, msomaji. Mganga anatandika nguo chini, anapanga kilinge chake, wenyewe wanaita mesa: fimbo, panga kuukuu, kombe za baharini, mawe na sanamu za watakatifu. Ndiyo, watakatifu! Wahispania walipoleta Ukristo miaka ya 1500, waganga hawakuacha kazi, walichanganya mambo. Hata dawa yenyewe inaitwa San Pedro, yaani Mtakatifu Petro. Si ndiye mwenye funguo za mbinguni?

Dawa hiyo ni dungusi kakati, mmea mrefu kama nguzo, hauna jani hata moja. Unakatwa vipande, unachemshwa saa nyingi hadi unakuwa mchungu balaa. Halafu kuna tumbaku, inayovutwa puani. Si moshi, bwana, ni maji yake! Ukitapika, mganga anafurahi, anasema uchafu unatoka. Naye anakunywa, maana yeye ndiye anayetakiwa kuona nani kakuroga. Kukicha anakupulizia manukato kwa mdomo, kisha wengi hupanda hadi maziwa ya Huaringas, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, wakaoge maji ya kugandisha meno.

Usidhani ni uzushi wa juzi. Kwenye magofu ya Chavín de Huántar kuna jiwe lenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, limechongwa kiumbe wa ajabu ameshika dungusi hilo hilo mkononi.

Aliyevuma zaidi ni Eduardo Calderón, mvuvi na mfinyanzi aliyefariki mwaka 1996. Kilinge chake kilikuwa na upande wa ubaya kushoto, wa wema kulia, na katikati pa kuusawazisha ugomvi wao. Mtu anaogopa, analaumu, analia mbele ya watu hadi alfajiri. Mimi nasema hapo ndipo penye tiba kubwa.

Tatizo ni watalii wanaoifanya starehe. Ndani ya San Pedro mna meskalini: inapandisha presha, inaendesha moyo mbio, na njozi zake hudumu hata saa 12. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayemeza vidonge vya sonona anacheza na roho yake. Tena wapo waganga wanaoongezea mmea mwingine, misha, ambao unaweza kukurusha akili au kukuua kabisa.

Peru yenyewe iliutangaza ujuzi wa San Pedro kuwa urithi wa taifa mwaka 2022. Lakini meskalini imo kwenye orodha kali ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, kwa hiyo mwenye unga wake begini asije akamwambia ofisa wa uwanja wa ndege kwamba ni dawa ya mapenzi.