Kipya Kinyemi, Lakini Nani Atakayelipa?

Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Walioutunga msemo huo waliyajua mapenzi ya binadamu kwa kanzu mpya, chombo kipya na habari mpya. Hawakutuambia, hata hivyo, la kufanya pale kipya kinapokuja bila kuitwa, kikambishia mwenye nyumba hodi na kumwambia kuwa cha zamani, ambacho hakijaharibika, hakifai tena.

Ndivyo yalivyowafika wenye kompyuta wengi tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuutunza mfumo endeshi wake uitwao Windows 10, uliotoka mwaka 2015. Kwa msomaji asiyezoea istilahi hizi, mfumo endeshi ndio nahodha wa kompyuta: ndio unaoamrisha kila kilichomo ndani, na bila ya huo mashine ni sanduku tu. Kompyuta hazikuzimika siku ile. Kilichokoma ni viraka vya usalama, ambavyo twaweza kuvifananisha na kalafati. Jahazi lisilokalafatiwa halizami siku ya kwanza, lakini maji huingia kidogo kidogo.

Mrithi wake, Windows 11, alitoka mwaka 2021, naye hapandi kila chombo. Hutaka prosesa ya miaka ya karibuni, kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 na kijichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hukataliwa mlangoni, hata zikiwa nzima.

Hali ya Kakuma

Mwenye duka Mombasa atanung'unika, kisha atafungua mkoba. Lakini natuitazame Kakuma, huko Turkana, mbele ya Lodwar kwenye barabara iendayo Lokichoggio na Sudan Kusini. Kambi yake ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan kwa miguu. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, wakimbizi ni takriban laki tatu. Misikiti ipo na adhana husikika. Sokoni Kiswahili cha Kongo hukutana na Kiswahili cha Kenya. Msomaji wa pwani akifika huko hatakosa wa kumwitikia salamu.

Mahali kama hapo kompyuta si pambo la mezani. Wapo wanaosoma masomo ya vyuo vya mbali, wapo wanaowapigia wenzao chapa barua na maombi, na wapo wanaotafuta kazi za kufanywa kwa mtandao. Kwa mtu asiyeweza kutoka kambini bila ruhusa, kazi inayosafiri yenyewe ni neema kubwa. Na mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa kwa uhaba wa fedha za misaada. Kumwambia mtu wa namna hiyo anunue kompyuta mpya ni sawa na kumwambia aliyekosa unga anunue tanuri.

Njia tatu

Afanye nini basi? Njia ya kwanza ni kungoja. Microsoft ilitoa muhula wa ziada, wenye kikomo cha tarehe 13 Oktoba 2026, kwa ada ya dola 30, au bila malipo kwa aliyekubali kuiunganisha kompyuta yake na akaunti ya kampuni. Muhula ni muhula tu, deni halikufutwa.

Njia ya pili, inayojulikana mno mitaani, ni nakala za wizi. Hapa Mwislamu hana budi kusita. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha mwezi wa Desemba 1988 mjini Kuwait, lilikata kauli kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sheria, na haijuzu kuzidhulumu. Tena nakala hizo mara nyingi huja na virusi, kwa hiyo aliyekimbia gharama huikuta mbele ya safari.

Njia ya tatu ni kubadili nahodha. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza azma ya kuunda programu ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akatoa kiini kilichoitwa Linux. Kutokana na kazi hizo imezaliwa mifumo mingi, ukiwemo Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Jina hilo, katika lugha za Kibantu za kusini, ndilo lile lile utu letu.

Watu wa pwani hawatashangazwa na jambo hili, kwani tuna visima vya wakfu. Aliyekichimba hakuzuia mtu kuteka, wala anayeteka leo hana haki ya kumfungia wa kesho. Mfumo mmojawapo, Linux Mint, huridhika na kumbukumbu ya gigabaiti 2, na ukishapakuliwa mara moja na kutiwa katika flashi, hufungwa katika kompyuta kumi bila kununua intaneti tena. Na yote hayo ni halali.

Ugeni wake

Hata hivyo tusidanganyane. Mfumo mgeni una adha zake. Vitufe havipo pale ulipovizoea, printa nyingine hukataa kutii, na waraka ulioandikwa kwa Word hufunguka mistari imepinda. Mwenye kuutegemea mkono wake kwa riziki atapoteza siku kadhaa, na siku kadhaa kwa maskini ni chakula. Kwa hiyo yafaa kwanza anakili mafaili yake yote mahali pengine, kisha aujaribu mfumo kutoka katika flashi bila kufuta cha zamani. Akiridhika ndipo ahamie.

Sisi tuliwahi kuonja uchungu wa kubadilishiwa mfumo. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Zikaja serikali za kikoloni na shule zao, herufi za Kirumi zikawa ndizo za ofisini, na mzee aliyekuwa akiandikia watu barua na hati akahesabiwa kuwa hajui kusoma. Elimu yake haikupungua hata chembe. Waliobadilika ni wenye kuipima. Waliosalimika ni wale waliojifunza herufi mpya bila kuzitupa za kale.

Na mlango wa tatu si wa wageni watupu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maagizo ya Kiswahili kitupu. Waliweza kwa sababu programu ile ilikuwa huru kutafsiriwa. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti.

Basi, kabla ya kuitupa kompyuta nzima kwa kuwa imeitwa kuukuu, tumtafute kijana mwenye flashi. Na mwenye kuwapelekea ndugu zetu wa Kakuma sadaka ya kompyuta zilizotumika, na azipeleke zikiwa na mfumo utakaodumu. Sadaka itakayokataliwa na fundi wa huko haijamfaa aliyepewa.