Kiingilio cha Muziki wa Bendi: Ujue Unachokilipia

Katika mji wa Moshi, mpenzi wa muziki wa bendi humsikiliza mpiga gitaa akiwa hatua chache tu mbele yake, katika baa, hoteli au mgahawa mdogo wa mtaani. Ukaribu huo ndio uzuri wa kumbi ndogo. Hata hivyo, aghalabu kumbi hizo haziuzi tiketi zenye masharti yaliyoandikwa. Biashara hukamilika kwa maneno machache mlangoni. Hapo ndipo mlaji anapopaswa kuwa makini.

Kiingilio ni malipo ya huduma iliyoahidiwa. Bango linapotaja bendi, ahadi hiyo ndiyo inayomvuta mlaji kutoa fedha zake. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha walaji. Kwa hiyo, kutoza kiingilio cha bendi ilhali mwenye ukumbi anajua kwamba zitachezwa nyimbo zilizorekodiwa tu, si bahati mbaya ya mteja. Mwanamuziki mmoja akiugua na mwenzake akashika nafasi yake, hilo pekee si udanganyifu. La msingi ni mteja kuelezwa kabla hajalipa, ili abaki na uhuru wa kuingia au kuondoka.

Kwa mkazi wa Kibosho au Marangu, hasara haiishii kwenye kiingilio. Ameshalipa nauli ya kushuka mjini, na usiku daladala zikiadimika atalazimika kukodi bodaboda au teksi ya kupanda mlima. Ni vyema basi apige simu kabla ya kuondoka nyumbani, na arudie maswali haya mlangoni:

• Ni bendi gani inayopiga leo, na itapanda jukwaani saa ngapi?
• Kiingilio kinajumuisha nini? Je, meza za mbele zina malipo ya ziada?
• Bei za vinywaji usiku wa bendi ni zile za siku zote? Pale penye "kiingilio bure", omba orodha ya bei kabla ya kuagiza.
• Bendi isipotokea, fedha zitarudishwa?

Kumtunza mwimbaji ni desturi yetu njema, lakini ni hiari. Tuzo haipaswi kuingizwa kwenye bili.

Ukilipa kwa Lipa Namba, hakikisha jina linalojitokeza ni la biashara husika kabla ya kuingiza namba ya siri. Ujumbe wa muamala ni ushahidi wa malipo, lakini hauchukui nafasi ya risiti. Dai risiti na uitunze. Kisha piga picha ya bango, kwani huenda kesho yake likawa limebanduliwa.

Ukumbi mdogo hujaa upesi. Kabla ya kuketi, tazama mlango wa pili uko wapi, na kama haukufungwa kwa kufuli wala kuzibwa kwa spika au kreti za soda. Ukiona hakuna njia ya kutokea, ondoka. Moto ukitokea, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Ukiona huduma siyo iliyotangazwa, mwone meneja usiku uleule, kwa utulivu, nawe ueleze unachotaka: kurudishiwa fedha au kupewa nafasi siku nyingine. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani, ukitaja tarehe, mahali na kiasi ulicholipa, na uambatishe risiti pamoja na picha ya bango. Ukinyimwa risiti, toa taarifa Mamlaka ya Mapato Tanzania.

Mwenye ukumbi mwaminifu hatachukizwa na maswali haya. Anayeleta bendi kweli ndiye anayeumia zaidi wateja wanapozoea kudanganywa na jirani yake, kwa kuwa hatimaye huacha kuyaamini mabango yote.