Ruzuku kwa Watunga Zana za Blokucheni: Maendeleo Yake Hupimwaje?

Katika makala haya nakusudia kueleza jambo lililo geni kwa wengi wetu, lakini lenye uhusiano na kazi ya wanaoshughulika na lugha kuliko liwezavyo kuonekana mara ya kwanza. Jambo lenyewe ni mipango ya ruzuku wapewayo watu watungao zana za blokucheni. Tangu mwaka 2018 mamilioni mengi ya dola yametolewa kwa njia hiyo, na taarifa za mipango hiyo hutaja aghalabu fedha zilizotoka na kazi mpya zilizoanzishwa. Swali ninalotaka kulichunguza ni hili: je, mambo hayo mawili yatosha kutuonyesha kwamba mpango unaendelea?

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maneno. Blokucheni ni daftari la hesabu lisilokaa mahali pamoja wala mikononi mwa mtu mmoja, bali nakala zake zimo katika kompyuta nyingi za watu wasiojuana. Maandishi mapya hukusanywa katika mafungu yaitwayo bloku, na kila bloku hubeba ndani yake alama iliyokokotolewa kutokana na bloku iliyoitangulia. Mtu akibadili tarakimu moja katika bloku ya zamani, alama hazitalingana tena, na wenye nakala wengine watalitambua jambo hilo. Kwa sababu hiyo yaliyokwisha andikwa ni vigumu mno kuyafuta. Bitcoin, daftari la kwanza kuenea la namna hii, lilianza kutumika Januari 2009, na kazi yake hasa ni kuandika malipo. Ethereum, ambalo Vitalik Buterin alilieleza mwishoni mwa mwaka 2013 na ambalo lilianza kazi tarehe 30 Julai 2015, liliongeza jambo kubwa: ndani ya daftari lenyewe yaweza kuwekwa programu zinazoshika mali na kuigawa kwa masharti yaliyoandikwa. Programu hizo nitaziita mikataba ijitekelezayo, maana hazingoji hakimu wala karani.

Mkataba wa namna hiyo huandikwa kwa lugha iliyotungwa makusudi. Iliyo mashuhuri zaidi ni Solidity, ambayo Gavin Wood aliitoa kama pendekezo mwaka 2014. Nyingine ni Vyper, ambayo sura yake yafanana na Python. Lakini mashine haizifahamu lugha hizo. Kati ya mwandishi na mashine hukaa mfasiri, nayo ni programu iitwayo kompaila, ambayo husoma maneno ya mwandishi na kuyageuza kuwa amri za mashine. Mbali na kompaila ziko zana nyingine: za kuujaribu mkataba kabla haujawekwa daftarini, za kutafuta makosa, na maktaba za vipande vya programu vilivyo tayari, ambavyo kila mtunga programu huvitwaa badala ya kuvitunga upya. Hizi zote kwa jumla ndizo zana tunazozizungumzia.

Zana hizo, kwa sehemu kubwa, ni programu huria: yeyote aweza kuzichukua bila ya kulipa. Hapo ndipo ilipo shida. Kila mtu huzihitaji, lakini hakuna anayeona kwamba ni juu yake yeye hasa kuzigharimia. Hali yake ni kama ya kamusi. Mwalimu, mwanafunzi, mwandishi wa gazeti na karani wa mahakama wote huitegemea, lakini ni nani miongoni mwao atakayetoa mshahara wa mtu wa kuketi miaka mitatu akisahihisha maana za herufi M? Kazi ya namna hiyo isipopata mfadhili hufanywa na wachache kwa muda wao wa ziada, kisha huchoka.

Hasara ya kuupuuza upande huu ilidhihirika mapema. Mwaka 2016 ulitungwa mkataba mmoja katika Ethereum uitwao The DAO, nao ukakusanya mali ya thamani ya dola za Marekani zipatazo milioni 150. Tarehe 17 Juni mwaka huo mtu mmoja aliugundua udhaifu wake. Mkataba ulikuwa ukilipa kwanza, na baadaye ndipo ukapunguza hesabu ya mlipwaji. Ni kama mtunza fedha ambaye hukabidhi noti dirishani kabla hajaandika daftarini. Mlipwaji akirudi dirishani upesi kabla kalamu haijagusa karatasi, atalipwa tena na tena. Kwa hila hiyo ether zipatazo milioni 3.6 zilitolewa, ambazo thamani yake siku zile ilikaribia dola milioni 50. Watu wa Ethereum walibishana sana, na tarehe 20 Julai 2016 wengi wao wakakubali kugeuza mwendo wa daftari ili mali irudi. Waliokataa wakaendelea na daftari la zamani, nalo likaitwa Ethereum Classic. Mwaka uliofuata, mnamo Novemba 2017, maktaba moja iliyotegemewa na mamia ya mikataba ya kampuni ya Parity ilifutwa na mtu aliyepata mamlaka juu yake kwa kuwa haikuwa imefungwa sawasawa, na zaidi ya ether 500,000 zikakwama humo. Safari hii daftari halikugeuzwa.

Baada ya mambo hayo ndipo ruzuku zikaanza kupangwa kwa utaratibu. Ethereum Foundation, shirika lisilo la faida lililoandikishwa Uswisi mwaka 2014, lilikuwa na akiba iliyotokana na mauzo ya ether ya mwaka huo, yaliyoleta Bitcoin zenye thamani ya kiasi cha dola milioni 18. Mwanzoni mwa mwaka 2018 lilitangaza mpango wa ruzuku, na katika mwaka huo majina ya waliopewa yakatolewa kwa awamu. Baadhi ya fedha zilikwenda kwa watafiti wa namna ya kuliongezea daftari uwezo, na nyingine kwa usalama na kwa watunga zana. Mwaka 2019 mpango ukapewa sura mpya na jina jipya, yaani Ecosystem Support Program, na msaada ukapanuliwa usiwe wa fedha tu, bali na ushauri pia.

Njia ya pili ilifuatwa na Web3 Foundation, shirika jingine la Uswisi, ambalo ruzuku zake zilianza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018 kwa ajili ya daftari liitwalo Polkadot. Huko mwombaji aliandika ombi lake hadharani na kuigawa kazi yake katika hatua, kila hatua na malipo yake. Hatua haikuhesabiwa kuwa imetimia kwa sababu programu yafanya kazi tu. Ilitakiwa iwe na leseni ya wazi, maelezo ya matumizi, na mwongozo wa kuijaribu, kisha mkaguzi aipitie kabla ya malipo. Faida ya utaratibu huu ni kwamba mtu yeyote aweza kusoma kilichoahidiwa na kilicholetwa, akavilinganisha.

Njia ya tatu ni ya Gitcoin, iliyoanzishwa mwaka 2017. Hii yastahili kuelezwa kwa hesabu. Mwaka 2018 Vitalik Buterin, Zoë Hitzig na E. Glen Weyl walitoa pendekezo la kugawa fedha za mfadhili kwa kufuata wingi wa watu waliochangia kuliko ukubwa wa michango yao. Chukua kipeuo cha pili cha kila mchango, jumlisha vipeuo hivyo, kisha jumla hiyo izidishe kwa yenyewe. Mtu mmoja akitoa dola 100, matokeo ni 100. Watu wanne wakitoa dola 25 kila mmoja, matokeo ni 400. Watu mia wakitoa dola moja moja, matokeo ni 10,000. Michango yote mitatu ni dola 100, lakini fungu la mfadhili hugawanywa kwa kufuata matokeo hayo, na kazi iliyochangiwa na watu mia hupata sehemu iliyo kubwa kuliko zote. Mzunguko wa kwanza ulifanyika Februari 2019 kwa fungu la dola 25,000. Udhaifu wa njia hii waonekana katika hesabu yenyewe: mtu mmoja akijigeuza kuwa watu mia kwa majina ya uongo, atavuna sehemu ya watu mia. Pia yako mengine. Watu huchangia kile wanachokiona, na kompaila haionekani. Anayetumia mkataba hajui hata jina la mfasiri aliyeufasiri.

Sasa na tulitazame tukio ambalo kwa maoni yangu ladhihirisha jambo lote. Baada ya The DAO, waandishi wa mikataba walijifunza kuweka kufuli: mkataba ukiwa katikati ya kulipa, mlango hufungwa mpaka hesabu iandikwe. Katika Vyper kufuli hilo lilifanywa kuwa neno la lugha yenyewe. Mwandishi aliweka neno hilo juu ya kila kifungu alichotaka kukilinda, akataja na jina la kufuli. Vifungu viwili vyenye kutaja kufuli la jina moja vilipaswa kufungwa pamoja. Lakini katika matoleo matatu ya kompaila, yaani 0.2.15, 0.2.16 na 0.3.0, yote ya mwaka 2021, mfasiri alikosea. Kila kifungu kilipewa kufuli lake mbali, ijapokuwa jina lilikuwa moja. Mwizi aliyezuiwa katika mlango wa kwanza aliweza kuingia kwa mlango wa pili. Mwandishi alikuwa ameandika sawasawa, na msomaji yeyote wa maandishi yake angethibitisha hivyo. Kosa lilikuwa katika tafsiri.

Kosa hilo liliondolewa katika toleo la 0.3.1, mwishoni mwa mwaka ule ule, bila ya uzito wake kutambuliwa. Ila mikataba iliyokwisha fasiriwa na matoleo yale ilibaki daftarini kama ilivyo, maana daftari halifutiki. Tarehe 30 Julai 2023, miaka minane kamili tangu Ethereum lianze kazi, mali ya thamani ya makumi ya mamilioni ya dola ilichukuliwa katika mikataba iliyojengwa juu ya Curve. Baadhi yake ilirudishwa baadaye. Hila iliyotumika ilikuwa ya ukoo ule ule wa mwaka 2016.

Tukio hilo latufunza nini juu ya ruzuku? Katika lugha zetu za kusemwa, tafsiri mbaya huweza kusahihishwa katika chapa ya pili, na msomaji hupata hasara ndogo. Katika blokucheni, tafsiri ndiyo sheria itendayo kazi, na chapa ya kwanza hubaki ikitenda hata baada ya chapa ya pili kutoka. Kwa hiyo kazi yenye thamani kubwa zaidi ni ya yule asomaye upya zana iliyopo, akaijaribu kwa njia ambazo mtungaji wake hakuziwaza, na kurudi kuichunguza mikataba iliyofasiriwa na matoleo ya nyuma. Kazi hiyo haizai jina jipya la kutangazwa. Mtu akiifanya vizuri kwa miaka miwili, matokeo yake ni kwamba hakuna lililotokea. Mpango upimao maendeleo kwa idadi ya kazi mpya hauna safu ya kuandika matokeo ya namna hiyo.

Tena, zana hufa. Truffle, iliyoanza mwaka 2015, ilikuwa kwa miaka mingi miongoni mwa zana zilizotumiwa sana kwa kutunga na kujaribu mikataba. Mnamo Septemba 2023 kampuni ya Consensys, iliyokuwa ikiimiliki, ilitangaza kuifunga, na watumiaji wakashauriwa kuhamia Hardhat. Hardhat yenyewe ilikwisha kuwekwa chini ya shirika lisilo la faida, Nomic Foundation, lililotangazwa mwaka 2022 kwa misaada ya Ethereum Foundation na wafadhili wengine. Sisemi kwamba ruzuku peke yake ndiyo iliyoamua ipi iishi na ipi ife. Lakini yafaa kuona tofauti kati ya msaada wa kuanzisha kitu na msaada wa kukitunza. Ruzuku ya miezi sita yatosha kwa la kwanza. Kwa la pili wahitajiwa mshahara wa kudumu.

Hata wenye mipango wenyewe wamekwisha liona tatizo. Mnamo Agosti 2025 Ethereum Foundation ilisimamisha kwa muda kupokea maombi ya wazi, kwa kuwa wingi wa maombi uliwamaliza nguvu wachache waliokuwa wakiyasoma. Novemba ya mwaka ule ule ilitangaza utaratibu mwingine: badala ya kungoja kila aombalo mtu, shirika hutaja mambo linaloona yahitajiwa, nao wenye uwezo wakajitokeza. Badiliko hilo laweza kusaidia utunzaji wa zana, ikiwa utunzaji utaandikwa katika orodha ya mahitaji. Usipoandikwa, hakuna atakayejitokeza.

Kwa hiyo taarifa yoyote ya maendeleo ya mpango wa namna hii yapasa iulizwe maswali matatu. La kwanza: zana zilizopewa ruzuku miaka mitano iliyopita, ni ngapi zingali na mtu wa kuzitunza leo? La pili: katika fedha zilizotolewa, sehemu gani ilikwenda kwa kukagua kompaila na maktaba zilizokwisha enea, na sehemu gani kwa vitu vipya? La tatu: kosa likionekana katika toleo la zamani, ni nani aliyeajiriwa kwenda kuitafuta mikataba iliyofasiriwa na toleo hilo na kuwaonya wenyewe? Taarifa yenye kuyajibu haya, hata kama fedha zake ni chache, yatueleza habari za maendeleo. Isiyoyajibu yatueleza habari za matumizi ya fedha tu.