Maneno ya Televisheni ya Kulipia katika Njia ya Misafara

Tabora ni mji uliokua juu ya njia yenye malipo. Katika karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, na kutoka huko hadi Ujiji, haukupita katika nchi za watemi pasipo kutoa hongo: nguo, shanga au waya, kadiri walivyopatana. Hongo wakati ule ilikuwa ushuru uliotolewa hadharani. Leo neno lina maana ya rushwa. Mtumba nao, uliokuwa mzigo wa mpagazi, umekuwa nguo kuukuu. Nayataja haya kwa sababu malipo ya namna nyingine yameingia katika mji huo, nayo yamekuja na maneno yake.

Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1974, bara mwaka 1994. Kwa miaka mingi mpira wa ligi ulifuatwa kwa redio, na aliyekosa redio alisikiliza ya jirani. Azam TV ilipoanza Desemba 2013, ikachukua haki za kuonyesha Ligi Kuu, mambo yalibadilika. Mwaka 2021 ilitia sahihi mkataba wa miaka 10 na Shirikisho la Mpira, wa shilingi bilioni 225.6. Basi Tabora United ilipocheza Ligi Kuu msimu wa 2023/24, mkazi asiyeweza kufika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ilimpasa kulipia ili aione timu ya mji wake.

Chombo chenyewe kina majina mawili. King'amuzi latokana na kung'amua, yaani kutambua jambo lililofichika. Kisimbuzi latokana na kusimbua, kufumbua kilichofumbwa. La pili ndilo sahihi zaidi, maana picha hufumbwa kwa makusudi ili asiyelipa asiione. La kwanza hata hivyo lina uzuri wake, na sioni haja ya kuliua. Kifurushi ni furushi dogo, vitu vilivyofungwa pamoja katika nguo. Sasa ni idhaa zilizofungwa pamoja kwa bei moja, na mnunuzi hawezi kuchomoa ile aitakayo tu.

Lakini neno lililo bora kuliko yote halikutungwa na kampuni wala baraza. Ni kibanda umiza. Mwenye kibanda hulipia kifurushi kimoja, kisha kila mtazamaji humpa fedha kidogo mlangoni, akabanwa juu ya benchi katika joto mpaka dakika ya 90. Sarufi ya shule ingetaka kibanda kinachoumiza. Wasemaji wameliweka shina la kitenzi tupu mara baada ya jina, na wingi wake, vibanda umiza, haukumsumbua mtu. Muundo huu si wa kawaida kama ule wa kifungua kinywa, ambamo kitenzi hutangulia na kiambishi ki- hukaa mbele yake. Tena neno lasema kweli juu ya bei: asiye na fedha ya kifurushi hulipa sehemu yake kwa mbavu. Mtunga kamusi atakayeandika kisimbuzi na kuliacha hili kwa kuliona la mitaani atakuwa ameandika habari ya wenye visimbuzi peke yao.