Ndizi za Gombe na Saa ya Mkononi

Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia Ujiji wakiwa hoi. Burton alikuwa akibebwa, Speke macho yake karibu hayaoni. Vyombo vyao vya kupimia vilikuwa vimeharibika njiani kutoka pwani, na walichobaki nacho kilikuwa kipimajoto cha kawaida, cha aina ile ya kupimia maji ya kuoga. Wakachemsha maji, wakakitumbukiza humo. Kanuni yenyewe ni ya kweli: kadiri unavyopanda juu, hewa huwa nyepesi, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, pungufu ya nyuzi moja hivi kwa kila mita 300 za mwinuko. Wakapiga hesabu, wakapata kwamba ziwa liko kama futi 1,850 juu ya usawa wa bahari, yaani mita 564. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi. Kosa lisilofika hata nyuzi moja lilizamisha ziwa zima kwa mita 200, na namba hiyo ikasafiri hadi London, ikachapwa vitabuni, ikawa silaha mikononi mwa mabwana waliokuwa wakigombea chanzo cha Mto Nile.

Habari hii hunijia kila nikitazama saa janja niliyoivaa.

Niliinunua kwa hofu. Mama yangu mkubwa, aliyenilea pale Ujiji, alipimwa presha akaambiwa iko juu, na miezi michache baadaye nami nikaambiwa hivyo hivyo. Hatukuwa peke yetu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la juu la damu. Nikaanza kutembea. Jua halijakaza, naondoka Ujiji kwa miguu kwenda Kigoma mjini, napita chini ya miembe mikongwe inayoonyesha ilikopita njia ya misafara. Wapagazi waliopita hapo walibeba hadi frasila mbili, kama kilo 32, wakaenda hivyo mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja. Na walipita waliofungwa minyororo pia. Mtu akitembea kwa hiari yake, tumbo likiwa limeshiba chai na mihogo, katika njia hiyo, anapaswa kuijua heshima aliyopewa.

Namba zilinisaidia, na lazima nilikiri hilo kabla ya lingine lolote. Mwaka 2007 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 za watu waliovaa vipima hatua. Kwa wastani waliongeza hatua kama 2,500 kwa siku, na presha yao ya juu ikashuka kwa karibu pointi 4. Hilo si jambo dogo kwa kidude kinachoning'inia kiunoni. Mtu anayeona alichofanya leo huwa na sababu ya kufanya zaidi kidogo kesho.

Lakini saa inaona nini hasa? Ndani yake mna kihisi mwendo: kipande kidogo mno kilichoshikiliwa na vispringi vya silikoni. Mkono ukitikisika, kipande kinasogea, umeme unabadilika, na programu inatafuta mdundo unaofanana na wa mtu anayetembea. Kwa hiyo saa haihesabu miguu. Inakisia miguu kwa kuutazama mkono. Chini ya saa kuna taa ya kijani. Damu hunywa mwanga wa kijani, hivyo kila pigo la moyo linapojaza mishipa, mwanga unaorudi hupungua, na hapo ndipo mapigo yanapohesabiwa. Mtu akiwa ametulia, hesabu hiyo huwa nzuri. Akianza kuhangaika, makosa huongezeka.

Sasa nenda Kibirizi asubuhi, mitumbwi inaporudi na dagaa. Mwanamke aliyejitwika ndoo kichwani na kuishika kwa mkono wenye saa, mkono huo haupungi, na saa itamnyima sehemu ya hatua zake. Akifika kwenye chanja au mchangani, akainama saa mbili nzima akisambaza dagaa na kuwageuza, saa itamhesabu kama aliyekaa. Uzito wa ndoo haumo kabisa katika hesabu. Mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha akatazama saa ya namna hii asubuhi, huenda akaambiwa kwamba hajafanya lolote. Kidude hiki kilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa ofisini anayekwenda matembezini, na kinaipima dunia yote kwa mtu huyo.

Hata lile lengo la hatua 10,000, ambalo watu wa vikundi vya jogingi hulitaja kama kwamba limeandikwa kwenye maumbile ya mwili, lina asili yake. Mwaka 1965, muda mfupi baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Kijapani ilitoa sokoni kipima hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuuzia bidhaa. Sayansi ilikuja baadaye. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walitoa matokeo ya wanawake wazee 16,741 wa Marekani, umri wa wastani ukiwa miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Bibi anayetoka nyumbani kwake kwenda sokoni, msikitini na kwa jirani huenda amekwisha kupata kilicho bora bila kujua.

Namba ninayoiogopa kuliko zote ni ile ya kalori. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi. Sita vilipima mapigo ya moyo vizuri, kosa likiwa chini ya asilimia 5. Kwenye nishati, kilicho bora kabisa kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi kwa asilimia 93. Mtu anayeamua kula au kulala njaa kwa kufuata namba hiyo anafanya kama Burton na Speke na maji yao ya moto.

Hapa nchini kwetu ndipo ulipofanyika utafiti uliotikisa hesabu hizo zote. Herman Pontzer, Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walikwenda kwa Wahadzabe, kando ya Ziwa Eyasi, wakawanywesha watu wazima 30 maji yenye hidrojeni na oksijeni za aina nzito. Hidrojeni hutoka mwilini kama maji tu. Oksijeni hutoka kama maji na pia kama hewa ya ukaa tunayoipumua. Ukipima mkojo kwa siku kadhaa na kuona moja inavyopungua haraka kuliko nyingine, unajua mtu ametoa hewa ya ukaa kiasi gani, na hapo unajua amechoma nishati kiasi gani. Wanaume walitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Matokeo yalitoka mwaka 2012: ukizingatia ukubwa wa miili yao, Wahadzabe walichoma nishati sawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Pontzer anaeleza kwamba mwili una bajeti yake. Ukitumia zaidi kwenye miguu, unabana kwingine. Mwendo haukuwa bure kwa Wahadzabe, maana mioyo yao ni mizima hadi uzeeni. Ila faida yake haiandikwi kwa kalori.

Yote haya niliyajua, na bado saa ilinishinda.

Mwanzo nilitembea ili presha ishuke. Kisha nikatembea ili namba ifike. Sikuona zamu ilipobadilika. Usiku wa saa tano nilikuwa nikizunguka uani kumalizia hatua mia nane, mke wangu akinisubiri ndani. Ramadhani ilipoingia, saa haikujua funga ni nini. Iliendelea kudai kiasi kile kile, na kila jioni, nikiwa na tende mkononi, ilinionyesha kwamba nimeshindwa. Mtu aliyetimiza ibada yake siku nzima anafuturu akiwa na huzuni. Nilipatwa na hilo, na linaniuma kulisema.

Kilichonizindua ni msiba. Tulikuwa tumekaa jamvini, jirani yetu wa miaka mingi amefariki, na saa ikatetemeka mkononi kunitaka niinuke, nimekaa mno. Nikainuka. Nikatoka nje nikaanza kuzunguka. Baba yangu mdogo alinifuata hadi barabarani, akaniuliza kwa upole, “Unaitwa wapi, mwanangu?” Sikuwa na jibu la kumpa.

Baadaye nilijua kwamba jambo hili lina watafiti wake. Mwaka 2016 Jordan Etkin wa Marekani alionyesha kwamba watu wanaohesabiwa hatua hutembea zaidi, lakini raha ya matembezi huwapungukia, kwa sababu matembezi yamegeuka kazi. Na hesabu ikiondolewa, huelekea kuacha. Mwaka huo huo matokeo ya jaribio la miaka miwili la watu 470 yalitoka: wote walipewa ushauri wa chakula na mazoezi, nusu yao wakaongezewa kifaa cha kuvaa. Wenye kifaa walipungua kilo 3.5, wasio nacho walipungua 5.9. Na mwaka 2017 wataalamu wa usingizi waliandika juu ya wagonjwa waliokuwa wakikosa usingizi kwa kuhangaikia namba za usingizi zilizotolewa na vifaa vyao. Kwa mwenye historia ya kujinyima chakula, hatari ni kubwa zaidi, na huyo simshauri avae kabisa bila kuzungumza na daktari.

Aliyenielewesha vizuri zaidi, hata hivyo, ni sokwe.

Ukipanda boti Kibirizi kuelekea kaskazini, ziwa likiwa kushoto kwako kimya na milima ikishuka hadi majini, unafika Gombe, alikoshuka mtafiti Jane Goodall Julai 1960. Sokwe walimkimbia kwa miezi. Kisha mmoja wao, aliyempa jina David Greybeard, akaanza kuja kambini kuchukua ndizi, na wengine wakamfuata. Kuanzia mwaka 1962 ndizi zikawa njia ya utafiti. Sokwe walikaribia, wakatambulika mmoja mmoja, wakahesabiwa. Waliwekewa hata kamba iliyofungwa kwenye mizani ya springi, na ndizi juu yake, ili akipanda asomwe uzito. Takwimu zake za miaka mingi bado zinatumika.

Lakini kituo cha ndizi kiliwageuza waliokuwa wakipimwa. Sokwe ambao kwa kawaida hutawanyika msituni kutafuta matunda, sasa walikusanyika sehemu moja, wengi, kwa saa nyingi. Ugomvi ukaongezeka, na nyani nao wakaja kugombea. Mtafiti Richard Wrangham alilichunguza jambo hilo na kuliandika mwaka 1974. Wapo waliosema baadaye kwamba hata vita vya kuuana kati ya makundi, vilivyoanza mwaka huo huo, vilizaliwa na ndizi. Hilo halikuthibitika: uchambuzi wa makundi 18 ya sokwe uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mauaji hayafuati kiwango cha kuingiliwa na watu. Hata hivyo watafiti wenyewe walikubali kwamba ndizi zimeharibu walichotaka kukijua, wakazipunguza sana mwishoni mwa miaka ya 1960, na kufikia mwaka 2000 wakaacha kabisa.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda. Mei 1975 wanafunzi wanne wa kigeni walitekwa Gombe na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire, na wageni wakaondolewa. Kazi ikabaki kwa Watanzania wa vijiji vya jirani, akina Hilali Matama, waliomfuata sokwe mmoja kwa miguu tangu anapoamka kiotani hadi anapojenga kiota kingine jioni, wakiandika kwa Kiswahili alikokwenda, aliokuwa nao, alichokula. Bado wanahesabu, kila dakika 15. Ila sasa anayepima ndiye anayefuata, na sokwe anakwenda anakotaka.

Nimejaribu kuigeuza saa yangu hivyo. Nimezima mitetemo yote, nikaifuta kalori isionekane. Naivaa wiki moja katika mwezi, natazama wastani wa wiki mara moja Ijumaa, kisha inakaa kabatini. Mwezi wa pili nilikuwa nikijipapasa mkononi kama aliyepoteza kitu. Mwezi wa nne nikaacha kujipapasa.

Mama mkubwa hakuwahi kuvaa chochote. Ana daftari la shule la jalada la bluu. Kila mwezi anakwenda zahanati kwa miguu, anapimwa, anaandikiwa namba mbili na tarehe. Mara ya mwisho nilimsindikiza. Ilikuwa 138 kwa 84. Aliitazama, akafunga daftari, akalitia mkobani, na tulipofika barabarani akaniuliza kama migebuka imeshuka bei.