Baada ya Tonsili, Mtoto Anaishije?

Hapa Riruta tunalala chumba kimoja, kwa hivyo mwanangu akikoroma sote tunajua. Nilichoogopa zaidi ni kimya: pumzi inakatika, kifua kinahangaika, kisha anashtuka akihema. Asubuhi anasinzia juu ya uji.

Mtoto akikoroma hivi kwa sababu ya tonsili kubwa, zikishatolewa, kidonda cha koo hupona. Lakini je, mtoto anaishi vizuri zaidi? Hilo hupimwa kwa kumuuliza mlezi, na mimi naona ni haki, kwa maana anayekesha naye ndiye anayejua. Dodoso la OSA-18, lililochapishwa Marekani mwaka 2000, lina maswali 18 kuhusu usingizi, mwili, hisia, shughuli za mchana na wasiwasi wa mzazi. Kila jibu hupewa alama 1 hadi 7. Jumla ikipita 80, mtoto ameathirika sana. Dodoso hujazwa kabla ya upasuaji, kisha tena miezi kadhaa baadaye.

Mwaka 2013, utafiti wa CHAT wa watoto 464 Marekani ulionyesha kuwa waliotolewa tonsili mapema walipata nafuu kubwa ya dalili, tabia na ubora wa maisha kuliko waliosubiri.

Mzazi mwenzangu, mtoto akikoroma hivyo kila usiku, mrekodi kwa simu, umpelekee daktari asikie.