Darubini ya kwanza: Mnunuzi aangalie miguu kabla ya lenzi

NI jambo la kawaida kwa darubini ya nyota iliyonunuliwa kwa furaha kuishia juu ya kabati baada ya siku chache. Mzazi huifungua mbele ya watoto, akaielekeza kwenye sayari ya Mshtarii, na kinachoonekana ni nukta inayochezacheza kama utambi wa kibatari penye upepo. Akiigusa ili aiweke sawa, sayari hutoweka kabisa.

Lawama huangukia lenzi, lakini mara nyingi kosa liko chini yake. Ni stendi, yaani miguu pamoja na kichwa kinachoshika bomba la darubini na kuligeuza.

Hesabu yake ni rahisi. Darubini inayokuza mara 100 hukuza pia kila mtikisiko mara 100. Aidha, dunia haisimami. Kwa kuwa huzunguka nyuzi 15 kila saa, sayari inayotazamwa kwa ukuzaji huo huvuka duara la kuonea kwa muda wa dakika 2 hivi na kutoka. Mtazamaji hana budi kulisogeza bomba kidogo kidogo kila mara, na kama stendi ni dhaifu, kila anapolisogeza anapoteza anachokitazama.

Pamoja na hayo, maboksi mengi ya darubini za bei nafuu hayasemi lolote kuhusu stendi. Hutangaza ukuzaji wa mara 500 au zaidi. Kanuni inayokubalika ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya kipenyo cha lenzi kwa milimita. Darubini ya milimita 60, kwa mfano, ikipita mara 120 huonyesha picha kubwa zaidi lakini yenye giza na ukungu.

Swali la kwanza dukani, kwa hiyo, liwe juu ya kipenyo. Mboni ya jicho gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Lenzi ya milimita 70 ina kipenyo mara 10 ya huo, na hukusanya mwanga mara 100 zaidi.

Ukuzaji wenyewe hutokana na lenzi ndogo ya jicho. Gawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jicho: 700 kwa 25 ni mara 28, na 700 kwa 10 ni mara 70. Kiasi hicho kinatosha kuona mashimo ya mwezini, miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliitambua mwaka 1610, na pete ya Zohali.

Kwa mkazi wa mjini, uzito nao ni jambo la msingi. Taa za Dar es Salaam hufifisha nyota hafifu, na anayetaka kuziona vizuri hulazimika kwenda nje ya jiji, kama vile Kisarawe au Bagamoyo. Darubini isiyobebeka katika basi au bajaji itabaki nyumbani.

Ziko aina mbili zinazomfaa anayeanza. Ya kwanza ni ya lenzi, yenye kipenyo cha milimita 70 hadi 80 na bomba fupi, ambayo huingia katika mkoba. Udhaifu wake ni miguu myembamba. Isivutwe hadi mwisho wa urefu wake, na mfuko wa mchanga ukining'inizwa katikati ya miguu huipunguzia mtikisiko.

Ya pili ni ya kioo, yenye kipenyo cha milimita 114 hadi 130, inayokaa juu ya kisanduku cha mbao kinachozunguka. Muundo huo wa stendi ulienezwa na John Dobson wa San Francisco, Marekani, aliyefariki mwaka 2014. Hauna miguu mirefu ya kuyumba, na uzito wa darubini nzima ni kilo 6 hivi. Hata hivyo, huhitaji mahali imara pa kuwekwa. Meza ya plastiki haifai. Baraza la saruji linafaa sana.

Kuhusu kichwa cha stendi, mkazi wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kuchagua kilicho rahisi, kinachokwenda juu na chini, kushoto na kulia. Stendi za ikweta, licha ya jina lake, huwasumbua walio karibu na ikweta. Mhimili wake sharti uelekezwe kwenye ncha ya anga. Ulaya hulengwa Nyota ya Kaskazini, lakini Dar es Salaam nyota hiyo haionekani, na ncha ya kusini iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, nyuma ya nyumba na miti. Stendi nyingi za aina hiyo hazikutengenezwa kuinama kiasi hicho.

Kadhalika, katika eneo hili mwezi na sayari hupita karibu na utosini. Darubini ya lenzi iwe na kioo cha kona cha kugeuza mwanga, vinginevyo mtazamaji atalazimika kupiga magoti na kukunja shingo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe darubini ifungwe, ailenge kwenye mnara wa simu ulio mbali, kisha aligonge bomba kwa kidole. Picha ikitulia ndani ya sekunde 2 au 3, stendi inafaa. Ikiendelea kutetemeka, aiache.

Nyumbani, hasa ukanda wa pwani wenye unyevu, lenzi zihifadhiwe mahali pakavu ili zisiote ukungu.

Lililo kubwa kuliko yote ni usalama wa macho. Kupatwa kwa jua kwa tarehe 2 Agosti 2027 ni kamili katika ukanda unaopita Afrika Kaskazini, Saudi Arabia, Yemen na Somalia, huku Kenya na Tanzania zikiwa katika eneo la kupatwa kwa sehemu tu. Kutazama jua kwa darubini isiyo na chujio maalumu lililofungwa mbele ya bomba kunaweza kupofusha mara moja. Vichujio vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto, na vitupwe hata kama vimekuja ndani ya boksi.

Ambaye fedha zake hazitoshi darubini yenye stendi imara asinunue yenye stendi mbovu. Darubini ya macho mawili ya 10x50, ikiegemezwa ukutani, humwonyesha Kilimia na miezi ya Mshtarii vizuri zaidi kuliko bomba refu linalotikisika.